Kikoba cha walimu wastaafu na meli ya kupatwa kwa jua Julai 2028 (Singapore hadi Darwin): twende au tunaliwa?

Bibi Jografia

Wanajamvi hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja, sasa nipo Tabata Segerea na kuku wangu. Naomba mnivumilie, najijua nikishika chaki siiachi.

Tuna kikoba, watu kumi na sita, wanawake kumi na mmoja na wanaume watano, wote tuliwahi kushika chaki. Tulianza 2014 kwa hisa za shilingi elfu tano. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana Kimanga kwa mweka hazina, tunahesabu fedha, tunakula mihogo na chai ya tangawizi, tunasutana kidogo, tunaagana. Wengi walidhani mwisho wa fedha hizi ni bati na saruji. Mimi nikawaharibia mipango.

Ilianza Rujewa. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, na njia ile ikapita Mbarali. Nilipanda basi Ubungo alfajiri siku moja kabla na wenzangu wawili, tukapanda Kitonga roho mkononi, tukalala gesti moja watu watatu kitanda kimoja. Kesho yake kwenye saa sita mchana pete ikakamilika. Kilichonimaliza hakikuwa juu, kilikuwa chini. Chini ya mti, kila tundu la mwanga lililopita katikati ya majani lilichora pete ndogo kwenye vumbi. Mamia ya pete. Watoto wa shule wakawa wanazikanyaga. Nilifundisha habari ya mwanga kupita kwenye tundu dogo mara ngapi, kwa kopo na karatasi ya mafuta, na siku ile nikawa kama ndiyo naisikia kwa mara ya kwanza.

Ila giza halikuja. Mwezi siku ile ulikuwa mbali na dunia, ukaonekana mdogo, haukuweza kuliziba jua lote. Mwanga ulififia tu kama mtu aliyeteremsha utambi wa kandili. Tangu hapo nalitaka giza lenyewe. Nina miaka sitini na saba. Wanaastronomia husema mahali pamoja hapa duniani hupata giza kamili kwa wastani mara moja katika miaka 375 hivi, kwa hiyo nikilisubiri Segerea nitalisubiri nikiwa udongo.

Sasa amekuja kijana wa ofisi moja ya safari, maeneo ya Posta, na karatasi nzuri za rangi. Meli ya abiria, usiku kumi na moja, mnapanda Singapore tarehe 12 Julai 2028. Semarang, Indonesia, mnakwenda kuona hekalu la kale la Borobudur, kisha Bali, kisha kisiwa cha Komodo, halafu tarehe 22 Julai mko baharini kusini mwa Indonesia, chini ya kivuli. Mnashukia Darwin, Australia. Dola 4,950 kwa kichwa, wawili kebini moja, ndege mbali. Kianzio dola 500 kila mmoja, hakirudi, na anakitaka mwisho wa mwezi huu.

Wenzangu wananitazama mimi kwa sababu ndiye niliyewatia kichaa. Wanne wana presha, wawili kisukari, na mmoja wa hisabati hajawahi kupanda hata boti ya Unguja bila kutapika. Hivi jua lipatwapo, meli ina faida gani kuliko kusimama nchi kavu? Hiyo Asia wanayotuuzia tutaiona kweli au tutapitishwa kama mizigo? Na huyu kijana, ninyi mngempa kianzio? Aliyewahi kupanda meli za namna hiyo aniambie ukweli, si yale ya kwenye karatasi.

Mzee wa Mashine, Kariakoo

Shikamoo mwalimu. Mimi sina la meli, nina la mawingu.

Julai 2009 nilikuwa Shanghai kununua mashine za kukamua miwa. Tarehe 22 ikawa siku ya kupatwa kwa jua, ule mrefu kuliko wote wa karne hii, kule katikati ya Pasifiki ulipita dakika sita na nusu. Hoteli nzima imejaa Wazungu na Wajapani na madarubini yao, wengine wameuza magari kwa ajili ya siku hiyo. Asubuhi mvua. Si manyunyu, mvua! Ilipofika saa tatu na nusu na dakika kadhaa ikawa usiku, nakwambia usiku wa saa mbili, taa za barabarani zikawaka zenyewe. Dakika tano hivi. Halafu kukapambazuka tena, mvua bado inanyesha. Jua sikuliona, si kabla si baada. Mzungu mmoja alikaa kwenye ngazi amejifunika koti la mvua kichwani, hakusema na mtu.

Mashine nilinunua, zipo hadi leo mbili. Mawingu usiyachezee.

Baharia wa Kibada

Mwalimu shikamoo. Nimesoma nikaona huu uzi ni wangu.

Nimefanya kazi kwenye meli za abiria miaka minne, mhudumu wa vyumba. Nilichukua vyeti vya usalama pale chuo cha bahari, nikazunguka na mawakala mwaka mzima, nikaitwa Novemba 2015. Sasa nimerudi Kigamboni, nina duka la vifaa vya uvuvi. Meli yenyewe siitaji, mkataba ulikuwa na maneno mengi.

Tarehe 9 Machi 2016 tulikuwa Mlangobahari wa Makassar, katikati ya Borneo na Sulawesi, chini ya kivuli cha mwezi. Kwa hiyo hili nimeliona, ingawa sikulilipia.

Nianze na swali la kwanza, ndilo kubwa. Faida ya meli ni moja tu, inakimbia mawingu. Ukiwa Shanghai kama mzee hapo juu, wingu likikukalia umekwisha. Meli ikienda maili kumi na nane za baharini kwa saa, tangu jioni hadi asubuhi imehama umbali wa Dar hadi Tanga na zaidi. Usiku ule kabla ya tukio sisi wa vyumbani tuliambiwa tufunge madroo yote kwa sababu meli ingebadili njia. Mwenzangu aliyehudumia maofisa alipeleka kahawa juu saa nane usiku, akatukuta chini anasema wamekaa watu watano juu ya picha za mawingu kutoka satelaiti, wanabishana kama wanacheza bao. Asubuhi tukawa mahali ambapo hata ramani ya abiria ilikuwa haijapaandika. Kaskazini yetu wingu zito. Juu yetu buluu.

Lakini sikiliza mwalimu, hii si kila meli. Kuna meli inayokwenda kufuata jua, na kuna meli ya kawaida ambayo njia yake inapita karibu na kivuli, basi wanabandika neno kupatwa kwenye tangazo na kuongeza bei. Ya pili ina bandari ya kuwahi kesho saa kumi na mbili asubuhi, nahodha hana saa za kuchezea. Mtafute huyo kijana umuulize, siku ya 22 meli ina ruhusa ya kuhama maili ngapi? Na siku ya 23 inatakiwa iwe wapi, saa ngapi? Akikujibu kwa picha ya bwawa la kuogelea, ujue hajui.

Sasa nikwambie siku yenyewe.

Mimi nilikuwa na vyumba kumi na vinne. Kimoja alikaa mama mmoja wa miaka themanini na kitu, Mjerumani, mjane, jua hili lilikuwa lake la kumi na moja. Mizigo yake sanduku dogo moja. Chumba cha pili yake bwana mmoja na masanduku matano ya vyuma, miguu mitatu ya kamera imezagaa, kitanda sikuweza kukitandika siku nne. Yule mama aliniambia, huyu ataona skrini. Na kweli. Meli hata ikitulia inapumua, mwalimu. Lenzi ndefu ikiyumba kidogo tu jua linatoka kwenye picha. Yule bwana alipigana na miguu yake ya kamera hadi mwisho.

Sisi wafanyakazi deki za abiria hatukanyagi bila kazi. Siku ile nahodha alitangaza kwamba asiye zamu apande deki ya mbele, ya kamba na nanga, dakika kumi na tano. Mimi nilikuwa zamu. Lakini vyumba kumi na vinne vyote vilikuwa vitupu tangu saa kumi na moja alfajiri, hata kitanda cha kutandika hakukuwa, hawakulala. Nikamtazama msimamizi wangu, Mfilipino mkali kama pilipili kichaa. Akasema, nenda, nami nakuja.

Huko chini nilipita mesi ya wafanyakazi. Waindonesia kama ishirini wamesimama safu wanaswali sala ya kupatwa. Mpishi mmoja wa mikate, kwao Makassar penyewe, ndiye imamu, bado ana unga kwenye mikono. Walipomaliza wote tukapanda pamoja.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi na dakika zake. Jua limebaki ukucha. Bahari ikawa na rangi ambayo sina jina lake, kama sufuria ya alumini iliyosuguliwa mchanga. Upepo ukapoa, nywele za mkono zikasimama. Halafu upande wa magharibi nikaona giza linakuja juu ya maji. Si kuingia polepole kama magharibi ya kwetu. Linakuja, kama mvua ya kusi unavyoiona kutoka Kigamboni ikivuka mdomo wa bandari, unasema bado iko mbali, kumbe imeshakulowesha.

Mtu mmoja akapiga kelele. Ukucha ukawa tone moja la moto, kama kito kwenye pete, likazimika. Pale lilipokuwa jua kukawa na duara jeusi tii, na kuzunguka duara nywele nyeupe, zimetulia, ndefu upande na upande. Zuhura ikawaka karibu yake. Pande zote za upeo wa bahari, mashariki magharibi kaskazini kusini, kulikuwa na wekundu wa machweo, duara zima. Mimi nimezaliwa pwani, sijawahi kuona jua linazama pande nne.

Dakika mbili hivi. Nilidhani sekunde kumi. Mfilipino wangu alikuwa ameshika bega langu na hakujua kama ameshika. Likatoka tone la moto upande wa pili, watu wakapiga makofi kama mpira umeingia wavuni, na mpishi wa mikate akasema, haya, maandazi yangu! Akakimbia.

Kwa hiyo ukiniuliza twende, kuhusu jua nakujibu nendeni.

Kuhusu Asia sasa, hapo nina maneno mengine. Meli inafunga gati saa mbili asubuhi, inaondoka saa kumi na moja jioni. Toa saa moja ya kushuka, toa moja ya kurudi mapema, maana meli haisubiri mtu, mimi nimewaona watu wakipunga mikono gatini. Semarang hadi Borobudur ni basi masaa mawili na kitu kwenda na mengine kurudi. Lile hekalu la mawe lina zaidi ya miaka elfu moja na mia moja, lina ngazi kali za mawe, na joto. Wenzenu wa magoti wajue. Komodo ni boti ndogo za kushushia abiria, unaruka kutoka mlango wa meli wakati boti inapanda na kushuka. Huko mtaonyeshwa kenge, mwalimu. Kenge wa mita tatu, lakini ni kenge.

Na kalenda za watu muziangalie. Siku ileile ya 9 Machi 2016 Bali ilikuwa Nyepi, mwaka mpya wao wa kimya. Kisiwa kizima kinafungwa saa ishirini na nne, hakuna taa, hakuna kutoka nje, hata uwanja wa ndege unafungwa. Kwenye meli yetu kuna abiria walilalamika eti kwa nini Bali imeondolewa kwenye ratiba. Mtu amevuka dunia na hajui kwamba wenyeji wana sikukuu.

Bibi Jografia

Marahaba mwanangu, marahaba sana. Nimewasomea wenzangu kwa sauti jana Kimanga. Ulipofika kwenye ukucha yule wa hisabati akaacha kula.

Ila huyohuyo anauliza kuyumba. Na wa presha wanauliza kama kuna daktari.

Baharia wa Kibada

Kuyumba: mwambie boti ya Unguja ni punda, meli ile ni ng'ombe. Ina mabawa chini ya maji ya kupunguza mrama. Ila Julai huko kusini mwa Indonesia ni msimu wa upepo wa kusini-mashariki, yaani kusi yetu hiihii, kwa hiyo siku mbili tatu za mwisho mtapepesuka. Ombeni kebini ya katikati ya meli, deki za chini. Watu wanagombea ya juu na ya mbele kwa sababu ya dirisha, ndiyo inayorushwa kuliko zote. Ya chini katikati ni ya bei ndogo pia, na siku ya jua hakuna atakayekuwa chumbani.

Daktari yupo, na anatoza kama Mzungu. Si suala la kidonge, suala ni mtu akizidiwa katikati ya bahari, kumtoa pale kwa helikopta au kugeuza meli ni fedha za nyumba. Bima inayotaja kuhamishwa mgonjwa, iandikwe wazi. Dawa za presha na sukari zikae mkobani, kamwe zisiingie sanduku linalochukuliwa na wapagazi. Mimi nimehangaika usiku kucha kutafuta sanduku la mzee lenye insulini, tukalikuta saa tisa deki ambayo siyo.

Na kuna bakshishi ya lazima, kila kichwa kila usiku, haimo kwenye zile 4,950. Ilikuwa inatulisha sisi, kwa hiyo msigome, lakini ihesabuni. Soda, intaneti, basi za kwenda Borobudur, vyote nje.

Kijana wa Darubini

Shikamoo Bibi. Naomba kuwaharibia biashara wenye meli.

Kabla ya Julai 2028 kuna tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli kinaanzia Atlantiki, kinapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini yote, Misri, kinavuka Bahari ya Shamu hadi Jeddah na Makka, Yemen, kinapita kwa ndugu zetu wa pembe ya Somalia, kinamalizia Bahari ya Hindi. Luxor giza ni dakika sita na ushee. Sita! Mrefu kama huo haurudi hadi 2114. Ule wa 2028, pale unaporefuka kuliko pote, kaskazini-magharibi mwa Australia, ni dakika tano na sekunde kumi. Na Luxor mwezi wa Agosti wingu ni kama theluji Tabata.

Ndege hadi Cairo, treni au ndege ndogo hadi Luxor, siku tano, mmerudi. Bei nusu ya hiyo au chini yake. Joto tu ndilo adui, linapita nyuzi arobaini, kwa wazee wenye presha si mchezo.

Na kama mnataka pete tena, tarehe 21 Mei 2031 inatoka Angola, inapita Kongo na Zambia, inaingia Tanzania, inavuka bahari hadi kusini mwa India na Sri Lanka. Hiyo ni nauli ya basi.

Jambo la mwisho, miwani. Muwe na miwani ya kutazamia jua yenye kiwango cha ISO 12312-2, msinunue ya mkononi Kariakoo (samahani mzee wa mashine). Karai la maji, filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, yote hayo bibi zetu walitumia na hayazuii miale inayounguza jicho. Kwenye meli miwani inavuliwa wakati ule tu duara ni jeusi kabisa. Kito kikirudi, inarudi usoni. Kwenye pete ya 2031 haivuliwi hata sekunde.

Bibi Jografia

Mjukuu wangu, umenifundisha somo langu mwenyewe na umelifundisha vizuri, nakupa themanini na nane. Kumi na mbili nimekata kwa sababu umesema mrefu kama huo haurudi na hukusema kwa nini. Mwezi siku hiyo uko karibu na dunia, na dunia mwezi wa Agosti iko mbali na jua kuliko ilivyo Januari. Mwezi mkubwa, jua dogo. Andika.

Luxor nimeipeleka kikaoni. Imegawa watu.

Mzee wa Mashine, Kariakoo

Mimi siuzi miwani.

Dada Tiketi

Shikamoo mwalimu. Nimekata tiketi miaka kumi na tatu, nimeajiriwa, sina ofisi yangu, kwa hiyo sikuvutii kwangu. Nimeona hakuna aliyejibu la huyo kijana.

Mko kumi na sita. Kampuni nyingi za meli zikipata kundi la ukubwa huo zinatoa nafasi moja bure, wakati mwingine kwa kila watu kumi na tano au kumi na sita wanaolipa. Muulize huyo kijana: nafasi ya bure inakwenda kwa nani? Nyamaza. Tazama macho yake. Kuna wanaosema ni ya kiongozi wa kundi, yaani yeye, na anakuja kweli kuwahudumia, hiyo ni halali mkikubaliana. Kuna anayegawa ile bei kwa wote ikashuka. Na kuna asiyeitaja kabisa, anaiuza kwa mtu wa kumi na saba.

La pili, kianzio. Kampuni ya meli ikipokea fedha inatoa namba ya kuthibitisha kwa kila kebini, yenye jina la meli na majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti. Mnaweza kuipigia kampuni wenyewe mkaulizia namba hiyo. Risiti ya duka la Posta yenye muhuri si namba hiyo. Fedha ziingie akaunti ya kampuni iliyosajiliwa BRELA, si kwenye simu ya mtu. Ana leseni ya biashara ya utalii, wenyewe tunaiita TALA? Muombe muione, mpige picha.

La tatu ndilo lingewatoa machozi. Mnashukia Darwin. Australia kwa Mtanzania ni viza, na inaombwa mapema, mtandaoni, na taarifa za benki na kila kitu. Hata kama mnashuka melini mnakwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Mtu wa kikoba ambaye fedha zake ziko kwenye sanduku la kufuli tatu anaonyesha taarifa gani ya benki? Anzeni sasa kupitisha benki. Pasipoti ziwe na miezi sita mbele ya siku ya kurudi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiiache nyumbani.

Bibi Jografia

Narudi na habari, wiki mbili zimepita.

Tulimwita kijana Kimanga. Tulimpa mihogo. Mweka hazina wetu, ambaye alikuwa mkuu wa shule ya wasichana na ana sauti yake, akamuuliza: nafasi ya bure ni ya nani? Kisha akanyamaza kama Dada Tiketi alivyosema. Sisi sote tukanyamaza. Kijana akatafuna. Akasema atauliza ofisini. Akaulizwa meli siku ya 22 inaweza kuhama maili ngapi, akasema hiyo ni siri ya kampuni. Akaulizwa siku ya 23 meli iko wapi, akafungua karatasi zake za rangi, na hapo mimi mwenyewe nikaona, Darwin, kuwasili saa moja asubuhi. Nikachukua atlasi yangu ya shule na rula. Kutoka kwenye mstari wa kivuli waliouchora hadi Darwin, kwa mwendo ule aliotupa baharia, nahodha hana usiku wa kuchezea hata kidogo. Wangetusimamisha pale palipochorwa, wingu liwepo lisiwepo, halafu mbio.

Hakupewa kianzio. Hakukasirika, alibeba mihogo iliyobaki.

Basi tumegawanyika kwa amani. Tisa wanakwenda Luxor 2027, wakiongozwa na wa hisabati, ambaye amefurahi kwamba huko kuna jangwa na hakuna mawimbi. Wawili wamesema wanasubiri pete ya 2031, fedha zao zinakwenda kwenye bati kama zilivyokusudiwa. Watano bado tunataka bahari. Tumepata kwa msaada wa Dada Tiketi meli nyingine ya 2028, ndogo zaidi, ya watu wanaofuata jua makusudi. Inatoka Singapore na kuishia Darwin vilevile, ila baada ya siku ya jua ina siku mbili nzima baharini bila bandari. Asia kwenye ratiba yake ni Bali tu, na siku moja. Ni ghali kuliko ile. Nafasi ya bure hatuna tena, tuko watano. Nimeuza kuku.

Kebini tumeomba za chini katikati. Taarifa za benki tumeanza, karani pale benki alituuliza wazee mnafungua akaunti ya nini, mweka hazina akamwambia, ya kuona giza.

Baharia, swali moja la mwisho. Mweka hazina anakuja nami, na anasema chakula cha Wazungu siku kumi na nne hakiwezi. Anataka kubeba dagaa wa Mwanza kilo mbili na pilipili ya kusaga. Inawezekana?

Baharia wa Kibada

Mwalimu, huyo mama nampenda bila kumwona.

Melini watamtazama vibaya kwa sababu ya harufu, ila awafunge kwenye makopo mawili moja ndani ya jingine, ampe mhudumu wa vyumba dola tano siku ya kwanza, asimwagie maji ya moto chumbani bali aombe jikoni. Wafilipino wana samaki wao mkavu, wataelewana naye kabla ya wewe kumaliza kufungua sanduku.

Lakini Darwin hapana. Waaustralia wana fomu ya kuandika kila chakula ulichobeba, na mbwa wa kunusa, na faini. Dagaa wote waishe kabla ya siku ya mwisho. Kilo mbili kwa siku kumi na nne, mkila wawili, hesabu inakubali. Kikibaki kitu usiku ule wa mwisho, washushieni wafanyakazi deki ya chini, waambieni Kigamboni ndiyo imewatuma.